Umeasili mtoto Uingereza? Funga mlango kwanza

Nianze na onyo, maana najua wengi mtasoma aya mbili kisha mrudi WhatsApp. Siku mtoto anapoletwa kwenu, wageni wasiwepo. Wala wiki ile ya kwanza. Wala ya pili. Hata kama shangazi ametoka Leeds na mizigo yake. Mtoto abebwe na nyinyi wazazi tu, alishwe na nyinyi tu, abadilishwe nepi na nyinyi tu. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Nawasemesha mnaoasili kupitia halmashauri au shirika la kuasili hapa England, mtoto akiwa ametoka kwa mlezi wa muda. Anayetaka kumleta mtoto wa ndugu kutoka nyumbani ana sheria zake nyingine, na hizo zinataka wakili.

Sisi tulimpokea wetu kama mtoto anavyopokewa kwetu. Nyumba ilijaa. Watu wa kanisani, marafiki wa tangu shule, wifi zangu, kila mmoja na zawadi yake na mikono imeshanyooshwa. Mtoto alipita paja hadi paja akitabasamu, nasi tukasifu: huyu hana shida, haogopi watu! Afisa ustawi wa jamii alitukuta hivyo hivyo. Akanywa chai, akasema nyumba ina upendo mwingi, akaongeza kwamba pengine ingefaa tupunguze watu kidogo. Tukaitikia, naye akaenda zake. Nani angemfukuza shemeji mlangoni? Kwenye kikao cha mapitio, kile cha kuangalia mtoto anaendeleaje kwenu, ndipo tulipoisoma taarifa yake: mtoto anashikwa na watu wengi mno, akiumia hamtafuti mzazi yeyote, na wazazi wameshauriwa lakini hawajafuata. Ombi letu la kwenda mahakamani kupata amri ya kuasili likaambiwa lisubiri.

Hapo ndipo penye mtego. Mwingereza wa ofisini hakukatazi. Akikuuliza kama umewahi kufikiria jambo fulani, amekukataza. Akisema lingefaa, ni amri. Kwetu mtu mzima akiona kosa anakwambia usoni, mnanuniana siku mbili, yanaisha. Hapa unaagwa kwa tabasamu, karatasi ndiyo inayosema. Siwaiti wanafiki, wamelelewa hivyo, na mwenzao angeelewa papo hapo. Lakini wewe usiyelelewa hivyo utaumia. Kwa hiyo uliza kila mara, bila aibu: "Huu ni ushauri au ni sharti? Naomba uniandikie kwa barua pepe." Hawachukii ukiuliza. Na wiki zile za mwanzo wanakuja sana, angalau mara moja kwa wiki mpaka kikao cha kwanza cha mapitio, ambacho hufanyika ndani ya wiki nne. Kila ziara inaandikwa. Chai pia inaandikwa, nadhani.

Sasa kwa nini tabasamu la mtoto liwatie watu wasiwasi? Mtoto wa miezi minane aliyelelewa na mlezi wa muda tangu kuzaliwa amempoteza mtu pekee aliyemjua. Hajui habari za kikao wala hati. Anajua tu kwamba harufu imebadilika na sauti imebadilika. Akimnyooshea mikono kila anayeingia, huenda si uchangamfu. Huenda hajajua bado nani ni wake. Na yule asiyelia kabisa, ambaye mama mkwe atamsifu kwamba ni mtulivu, naye mtazameni vizuri. Mnachotaka kuona ni kinyume: alie ukitoka chumbani, akugande shingoni, amkatae mgeni. Siku wetu alipomlilia wifi yangu na kujificha begani kwangu, wifi alinuna. Mimi nilifurahi kupita kiasi.

Ndugu watasema haya ni mambo ya Wazungu, kwetu mtoto ni wa ukoo mzima. Waambieni hivi: sehemu kubwa ya elimu hii ilipatikana kwetu. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekuwa amefanya kazi mjini London na John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili aliyechunguza jinsi mtoto anavyofungamana na mzazi, alikwenda Uganda mwaka 1954, akawa anawatembelea akina mama 26 wa vijiji vya karibu na Kampala, akitazama watoto wao wanavyowalilia na kuwafuata. Nyumba zile zilikuwa na watu, si kimya cha nyumba za huku. Hata hivyo aliona watoto wakitambaa kwenda kuchungulia dunia, kisha wakirudi kwa mama. Ukoo ulikuwepo, na mama alijulikana ni nani. Mtoto wenu hajafika hapo. Amjue kwanza mama na baba. Ukoo utamkuta palepale. Shangazi mpendwa, hujafukuzwa. Pika, fua, leta uache mlangoni, utabarikiwa.

Mkiwa mmefunga mlango, mnafanya nini ndani? Mambo madogo, tena yanayochosha. Maziwa yawe yaleyale aliyozoea kwa mlezi, chupa ileile, ratiba ileile. Blanketi alilokuja nalo msilifue kwa haraka, kwa sababu harufu ndiyo kumbukumbu aliyobaki nayo. Muulizeni mlezi anatumia sabuni gani ya kufulia, nunueni hiyo. Mkimlisha, mshikeni na mtazamane. Chupa isiegemezwe kwenye mto. Mbebeni sana. Khanga mgongoni haina ubaya, ila siku za mwanzo mwekeni kifuani auone uso. Akiamka usiku, nendeni kila mara, hata mara ya saba. Na yule mlezi wa muda msimwonee wivu mtoto akimlilia. Mtoto aliyempenda mtu mmoja anaweza kumpenda mwingine.

Baba naye asikae pembeni kwa kisingizio cha kazi. Mzazi mmoja anapata likizo ya kuasili ya hadi wiki 52, na malipo ya kisheria ni wiki 39, sita za kwanza kwa asilimia 90 ya mshahara, kama ametimiza muda kazini. Mwajiri aambiwe ndani ya siku 7 baada ya kuthibitishiwa kwamba mmepangiwa mtoto. Mwenzake anaweza kuomba likizo ya baba. Na kwa daktari wa mtaani (GP), mtoto mwandikisheni mapema. Basi.

Onyo jingine, na hili nalo litarudiwa. Mpaka mahakama itoe amri ya kuasili, mamlaka ya mzazi mnagawana na halmashauri, na wazazi waliomzaa pia hawajatoka kisheria. Kwa hiyo kutoga masikio, kutahiri, hata kumnyoa nywele, ulizeni kwanza. Jina la ukoo hamwezi kumbadilishia. Babu anayetaka jina lake asubiri. Kumpeleka nje ya nchi kwa zaidi ya mwezi bila ruhusa ni kuvunja sheria, hivyo tiketi za Desemba msikate kwa sababu bibi anataka kumwona. Picha kwenye kundi la familia, hapana. Najua mnawaamini. Lakini binamu mmoja anaituma kwa mwingine, huyo anaiweka hadharani na jina la mji, na familia ya kuzaliwa inaweza kumtafuta. Mkitaka kuonyesha, onyesheni simu mkononi, kisha simu irudi mfukoni.

Ombi la mahakamani linaweza kupelekwa baada ya mtoto kukaa nanyi angalau wiki 10, lakini msilikimbilie huku taarifa zikiwa na doa. Yetu ilibadilika tulipofunga mlango kwa kweli, afisa yuleyule akaja akakuta mtoto anamlilia baba yake, akaandika vizuri.

Amri ikitoka, mahakama nyingi huandaa siku ya sherehe, jaji akipiga picha na familia. Hapo leteni ukoo wote, na vigelegele. Kisha agizeni nakala za cheti cha kuasili, maana ndicho kinachochukua nafasi ya cheti cha kuzaliwa. Kama mmoja wenu ni raia wa Uingereza, mtoto anakuwa raia siku ya amri. Mkenya anaweza kumwombea uraia kwa usajili chini ya kifungu cha 15 cha Katiba; Mtanzania akumbuke kwamba kwao uraia pacha kwa mtu mzima haujaruhusiwa.