Namna ya Kupima Iwapo Akupancha ya Umeme Huamsha Utumbo

Akupancha ya umeme ni tiba ya kuchoma sindano nyembamba katika sehemu maalumu za mwili na kupitisha umeme hafifu ndani yake. Kabla ya kuchoma sindano yoyote, mtafiti hana budi kuamua atahesabu nini, kwa kuwa kauli ya mgonjwa kwamba tumbo limefunguka haitoshi. Kwa watu wenye tatizo sugu la kufunga choo, kipimo kinachofaa ni mara ngapi kwa juma mtu anapata choo bila dawa na kuhisi amemaliza haja yote. Mgonjwa ayaandike hayo katika daftari kila siku, akianza majuma mawili kabla ya matibabu, na ataje kila dawa ya kulainisha choo aliyotumia.

Jambo gumu zaidi ni kundi la kulinganishia. Kupumzika kitandani na kuhudumiwa kwa upole huweza peke yake kumpa mtu nafuu. Kwa hiyo wagonjwa wagawanywe kwa kura, nusu wapate sindano za kina zenye umeme, nusu wapate sindano za juujuu, nje ya sehemu zinazotambuliwa na tiba ya akupancha, kwa mashine isiyopitisha umeme. Ndivyo walivyofanya watafiti wa China waliochapisha matokeo yao mwaka 2016: kati ya wagonjwa 1,075, waliofikia wastani wa kupata choo kikamilifu mara tatu au zaidi kwa juma walikuwa asilimia 31.3 katika kundi la umeme, dhidi ya asilimia 12.1.

Wenye vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo wasishirikishwe. Daftari liendelee kujazwa majuma kadhaa baada ya matibabu kukoma.