Somo: Ikolojia ya kihamba, hatua kwa hatua

Wanakikundi, salaam. Wengi mmeomba somo la misingi ya ikolojia, hasa wenye vijana wa sekondari. Vijana wanakariri vizuri tu kwamba ikolojia huchunguza uhusiano wa viumbe hai wao kwa wao, na uhusiano wao na mazingira yanayowazunguka. Mwambie akuonyeshe huo uhusiano hapo uani, anabaki anakutazama. Basi leo tunasomea uani. Aliye Arusha mjini na hana kihamba (shamba la nyumbani la migomba na kahawa), bustani ndogo au ukingo wa mfereji unatosha.

Tafuta kamba, vijiti, kipimajoto cha kawaida, chupa mbili za lita moja zinazoonyesha ndani, na daftari.

Hatua ya 1: Pima miraba miwili

Zungushia kamba kwenye vijiti vinne upate mraba wa mita moja kila upande. Mmoja uwe chini ya migomba, mwingine mahali peupe panapofagiliwa au kukanyagwa kila siku. Wengi huuruka huo wa pili, na hapo somo linakufa, maana bila cha kulinganisha utabaki na orodha ya majina tu.

Hatua ya 2: Anza na visivyo hai

Hivi ni mwanga, joto, maji, hewa, madini, upepo, mwinuko na mteremko wa ardhi. Saa saba mchana chomeka kipimajoto ardhini, kina cha kidole, kwenye kila mraba. Andika. Kisha jaza udongo theluthi moja ya kila chupa, ongeza maji, tikisa kwa nguvu na uache hadi kesho yake. Mchanga hutua kwanza, juu yake tope laini, kisha mfinyanzi. Mabaki ya majani huelea. Linganisha chupa ya mgombani na ile ya uani.

Vitabu huuweka udongo kwenye visivyo hai. Kwenye mtihani andika hivyo hivyo, lakini ukiniuliza mimi, udongo uko pande zote mbili: una chembe za mwamba, maji na hewa, na humo humo wamejaa bakteria, ukungu na nyungunyungu.

Hewa haihitaji kupimwa. Naitrojeni ni asilimia 78, oksijeni 21, na kabonidayoksaidi imezidi kidogo tu asilimia 0.04. Hicho kidogo ndicho mmea hukitumia kujitengenezea chakula.

Mwinuko nao usiusahau. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana anayetoka Moshi mjini kwenda Marangu jioni hubeba sweta, na ndiyo maana mimea ya Kilimanjaro imejipanga kwa matabaka: mashamba, msitu, vichaka vya baridi, jangwa la juu, kisha barafu.

Hatua ya 3: Viumbe hai, kwa kazi zao

Usiandike majina peke yake, andika na kazi ya kila mmoja. Mgomba, mbuni, mringaringa, magimbi na hata magugu ni wazalishaji, kwa kuwa hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula. Panzi, kiwavi na ng'ombe aliye zizini hula mimea. Kinyonga humla panzi. Mwewe humchukua kinyonga, na kifaranga chako pia. Ukungu na bakteria huozesha vilivyokufa, huku jongoo, mchwa na nyungunyungu wakiwasagia kazi. Hawa wa mwisho watu huwadharau na kuwamwagia sumu, kumbe ndio wanaoshikilia kihamba.

Hatua ya 4: Chora mishale

Mshale hutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula, kwa sababu unaonyesha nishati inakokwenda. Wanafunzi wengi huugeuza na kupoteza alama za bure.

Mstari mmoja ni mnyororo wa chakula. Ukishaichora yote utaona inakatana, na hapo umepata mtandao. Sasa hesabu. Kwa kawaida ni kama asilimia 10 tu ya nishati inayovuka kutoka ngazi moja hadi nyingine. Nyasi zikiwa na vipimo 10,000 vya nishati, panzi hubaki na 1,000, kinyonga 100, mwewe 10. Nyingine imetumika kuishi na kutoka kama joto, au haikuliwa kabisa. Ndiyo sababu panzi ni wengi kuliko unavyoweza kuhesabu na mwewe ni wachache.

Hatua ya 5: Fuatilia kinachorudi na kisichorudi

Hapa msiharakishe. Nishati hupita na kwenda zake, lakini virutubisho huzunguka. Majani na mashina ya migomba analishwa ng'ombe, samadi inarudi mgombani, waozeshaji wanaivunja, mizizi inafyonza. Wazee walioanzisha vihamba hawakusoma ikolojia darasani, lakini walipanga tabaka juu ya tabaka: miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, kisha kahawa, kisha magimbi na mboga, na mfereji wa maji ukipita katikati. Mwanga unaopita kwa mmoja unadakwa na mwingine, na matone ya mvua yanafika chini yakiwa yamepungua nguvu.

Ila mzunguko huu una tundu. Mkungu wa ndizi ukipanda Fuso pale Mwika kwenda Dar es Salaam, potasiamu ya kihamba chako imepanda nao, na maganda yatatupwa hukohuko. Hairudi. Asiye na ng'ombe, na anayeuza hata majani kwa jirani, anapunguza udongo wake kila msimu hata kama haoni mmomonyoko wowote. Kwa hiyo kwenye mchoro weka mishale ya vinavyotoka nje ya mraba, kama mavuno na maji, na ya vinavyoingia, kama mvua, mbolea na pumba.

Hatua ya 6: Panda ngazi

Kinyonga mmoja ni kiumbe. Vinyonga wote wa spishi moja hapo kihambani ni kundi. Makundi ya spishi zote pamoja ni jamii. Jamii ukiiunganisha na visivyo hai vyake unapata mfumo ikolojia. Juu zaidi ni bayomi, yaani eneo kubwa lenye hali ya hewa na mimea ya namna moja, kisha bayosfia, yaani sehemu yote ya dunia yenye uhai.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

*Mwanafunzi, kidato cha pili:* Shikamoo mwalimu. Makazi na nafasi ya kiumbe vinatofautianaje?

Marahaba. Makazi ni mahali anapoishi. Nafasi ni namna anavyoishi hapo: anakula nini, saa ngapi, nani anamla. Kinyonga na ndege chozi wanaweza kushiriki mti mmoja wasigombane sana, mmoja anawinda wadudu, mwingine anafuata zaidi maji matamu ya maua.

*Kutoka Usa River:* Heroe wadogo wa maziwa ya Momella tuwaweke ngazi gani?

Walaji wa kwanza, yaani wanaokula wazalishaji, kwa sehemu kubwa. Huchuja viumbe wadogo sana wa kijani-buluu majini. Hao, ingawa kibaiolojia ni bakteria, hufanya usanisinuru, yaani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kwa hiyo ni wazalishaji.

*Mama wa Kibosho:* Mwalimu, wanasema barafu ya mlima inaisha. Mito yetu itakauka?

Mama, barafu kweli imepungua, zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Lakini mito yetu hainyweshwi na barafu kwa kiasi watu wanachodhani. Maji mengi mno yanatokana na mvua ya ukanda wa msitu, pamoja na ukungu wa mawingu unaonaswa na majani ya miti na mimea midogo inayoota juu yake, ukadondoka chini. Udongo wa msitu huyapokea taratibu, yanatokea kwenye chemchemi hata kiangazi. Mimi ningeogopa zaidi moto na shoka la msituni kuliko kuyeyuka kwa kileleni.

*Kutoka Njiro:* Gugu karoti limejaa kiwanjani. Na lenyewe si kiumbe hai kama vingine? Kwa nini tuling'oe?

Ni kiumbe hai, na ni mzalishaji. Shida ni kwamba limetoka Amerika na limefika huku bila wadudu na magonjwa yanayolizuia kwao. Hutoa kemikali zinazodumaza mimea jirani, mifugo hailipendi, na watu wengi huwashwa ngozi au kubanwa kifua. Ling'oe kabla halijatoa maua, vaa glavu na funika pua.

*Mzee wa Uru:* Mwanangu, kwa nini tunakatazwa kulima ndani ya mita 60 kutoka mtoni? Baba yangu alilima hapo.

Shikamoo mzee wangu. Katazo lipo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Baba alilima, lakini pengine alikuwa na migomba na miti ya kudumu, na majirani wachache. Leo tunatifua ukingo kila msimu kwa ajili ya nyanya, tunaweka mbolea na kupuliza dawa. Mvua ikinyesha, tope na mbolea vinaingia mtoni na kushuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Kule mbolea inalisha mwani, mwani ukifa unaozeshwa, na waozeshaji wanatumia oksijeni ambayo samaki waliitegemea. Ukingo wenye miti na nyasi huchuja kabla maji hayajafika. Migomba na miti ya zamani iliyopo hapo usiikate kwa hofu, mzee. Pita kwanza ofisi ya kijiji, au Bodi ya Maji Bonde la Pangani pale Moshi, wakuonyeshe mpaka unaanzia wapi.