Kubadilisha diski na vipuri vya kasha la seva bila kuua zilizo hai

Ofisi nyingi ninazozihudumia hapa Dar zina kasha moja tu la diski. Iwe ni mawakala wa forodha kule Kurasini, kliniki ya Mikocheni au wahasibu wa Upanga, utakuta seva moja kwenye raki, na chini yake kasha la chuma lenye diski 12 kwa mbele, pawa saplai mbili na moduli mbili za SAS kwa nyuma (SAS ni aina ya kiunganishi cha diski za seva, na moduli ndizo njia za data kati ya diski na seva). Humo ndimo kazi yao yote ilimo. Naandika haya kwa ajili ya kijana wa IT aliye peke yake, taa ya rangi ya chungwa imewaka, na bosi amesimama mlangoni anauliza kuna nini.

Diski iliyokufa imeshakufa, haiwezi kukufanyia kitu tena. Za kuzilinda ni zile zilizo hai. Kama mpangilio wako ni RAID 5 (RAID ni kuzipanga diski pamoja ili moja ikifa data isipotee) na diski moja imeondoka, ukichomoa nyingine nzima kwa haraka haraka, kila kitu kinaanguka palepale. RAID 6 inakuvumilia diski mbili, lakini ukishapoteza ya kwanza umebaki na nafasi moja. Kwa hiyo kabla mkono haujagusa kasha, uliza bakapu ya mwisho ni ya lini, kisha fungua faili moja kutoka humo uone kama kweli linafunguka. Kama hakuna bakapu, ianze sasa hivi. Diski mpya itasubiri.

Kuitambua diski yenyewe

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Majina kama sdh, ambayo Linux huzipa diski, si ya kuaminika: seva ikizimwa na kuwashwa, iliyokuwa sdh jana inaweza kuwa sdg leo. Kisichobadilika ni ile namba inayoandikwa S/N kwenye lebo ya diski. Andika amri `lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL`, uzinakili namba zote kwenye karatasi, kwa kalamu. Diski mbovu ikiwa bado inajibu, `smartctl -a /dev/sdh` itakuonyesha namba yake na makosa yake. Ikiwa haijibu kabisa, utaijua kwa kutoonekana kwake: linganisha orodha na lebo za trei (fremu zinazobeba diski), na namba isiyo kwenye orodha ndiyo unayoitafuta. Ndiyo sababu kila kasha ninalolifunga nabandika kwenye uso wa trei kipande chembamba cha karatasi chenye herufi na tarakimu nne za mwisho za S/N, pembeni, nisizibe matundu ya hewa.

Kisha washa taa ya kuitambulisha. Kwenye Linux, `ledctl locate=/dev/sdh` huifanya taa ya trei hiyo imemeteke. Kama diski haina hata jina tena, liulize kasha lenyewe kupitia `sg_ses --index=7 --set=locate /dev/sg12`, ambapo sg12 ni kasha, unalipata kwa `lsscsi -g`. Angalia sana hiyo 7. Programu nyingi huhesabu kuanzia 0, na sisi tunahesabu kuanzia 1, hivyo nafasi ya 7 kwa programu ni trei ya nane kwa kidole chako. Makasha mengine yana namba zilizochapwa kwenye chuma, mengine hayana, na mengine huhesabu kutoka juu kwenda chini badala ya kushoto kwenda kulia. Usikisie.

Taa isipowaka, kuna njia nyingine. Isome diski moja iliyo hai kwa `dd if=/dev/sdc of=/dev/null bs=1M`, utaona taa yake ya kijani inachezacheza. Fanya hivyo kwa kila iliyo hai, moja moja. Ile ambayo hukuiona ikicheza hata mara moja ndiyo yenyewe. Ila `of` ikiwa si `/dev/null` utakuwa unaandika juu ya data, kwa hiyo isome amri yako mara mbili kabla ya kubonyeza.

Mimi huwa nafanya na mtu wa pili. Kijana ninayefanya naye kazi anakaa kwenye kompyuta, mimi niko mbele ya raki.

"Nisomee nne za mwisho."

"K, saba, mbili, F."

"K, saba, mbili, F. Umewasha taa?"

"Nimeiwasha, kaka. Angalia huko."

Namba na taa vikikubaliana, naendelea. Kimoja kikikataa, tunaanza upya, hata kama mwenye ofisi ameshachoka kusubiri.

Diski ya kuweka

Diski za SAS utakazokuta madukani Kariakoo nyingi ni mtumba, na mtumba si dhambi ilimradi ujue unanunua nini. Nenda na laptop na kadi ya SAS kama unayo, au kubaliana na muuzaji kabisa kwamba utaijaribu na kuirudisha. `smartctl -a` itakuambia saa ilizofanya kazi. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 43,800 imezunguka miaka mitano bila kupumzika. Kwenye SAS tazama pia mstari wa `Elements in grown defect list`. Mimi nataka 0. Kwenye SATA, ile aina ya diski za kompyuta za kawaida, tazama `Reallocated_Sector_Ct`.

Kuna jambo linalowapotezea vijana hela: diski zilizong'olewa kwenye mashine kubwa za kuhifadhia data mara nyingi zimefomatiwa kwa sekta za baiti 520 badala ya 512. Ukiichomeka, seva inaiona lakini inakataa kuitumia, na unadhani umeuziwa mbovu. Inarekebishika kwa `sg_format --format --size=512 /dev/sg9`. Amri hiyo inafuta kila kitu na inachukua saa nyingi, kwa hiyo ifanye kwenye mashine nyingine kabisa, yenye UPS, isiyo na diski za mteja. Umeme ukikatika katikati diski inabaki haijafomatika, na unaanza tena mwanzo.

Ukubwa uwe sawa au zaidi, kwa baiti kamili, usiishie kwenye tarakimu ya kwenye boksi. Aina iwe ileile: diski ya SATA ina mlango mmoja wa data, hivyo kwenye kasha lenye moduli mbili itapitia upande mmoja tu. Na zile za SMR, ambazo huandika kwa kupandanisha nyimbo za data, ziache. Kazi ya kujengewa upya, yaani kuandikiwa tena data ya diski iliyokufa, inazishinda.

Kuchomoa na kuchomeka

Iambie kwanza programu inayosimamia diski: `zpool offline` kwa ZFS, au `mdadm` na `--fail` halafu `--remove`. Vaa mkanda wa umeme tuli mkononi. Najua hewa ya Dar ina unyevu, lakini chumba cha seva kinakaushwa na kiyoyozi mchana na usiku, na cheche usiyoihisi inatosha kuharibu kadi ya diski.

Bonyeza kitasa, kivute, toa trei kiasi cha vidole viwili kisha simama. Diski imeachana na umeme lakini sahani zake bado zinazunguka, na nyingi huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Ukiweka kiganja kwenye trei utaihisi inatetemeka, na ukijaribu kuigeuza inakukaza mkono kama tiara iliyoshika upepo. Subiri nusu dakika hivi. Mtetemo unapungua, unakuwa mlio mwembamba, halafu kimya. Sasa itoe, mkono mmoja mbele, mwingine chini yake.

Skrubu nne zinashika diski kwenye trei. Za inchi 3.5 zina nyuzi nene, za inchi 2.5 ni M3 zenye nyuzi nyembamba, na hazibadilishani. Ukihisi bisibisi inakaza mapema, toa, usilazimishe. Mfuko wa diski mpya ufungulie ndani ya chumba cha seva. Msimu wa masika, kitu kilichopoa ukikifungua koridoni kunako joto kinatoka jasho palepale, na maji kwenye kadi ya diski hayana msamaha. Chomeka polepole mpaka trei iguse mwisho, ndipo ufunge kitasa. Kitasa ndicho kinachosukuma milimita za mwisho, kwa hiyo usiipige ngumi.

Sasa ni `zpool replace`, au `mdadm --add`, na subira. Diski ya terabaiti 8 ikiandikwa kwa megabaiti 150 kwa sekunde inachukua karibu saa 15, tena ofisi ikiwa haifanyi kazi. Watu wakiwa kazini inaweza kuwa mara mbili. Muda wote huo diski zilizobaki zinasomwa mfululizo, na kama zilinunuliwa pamoja na iliyokufa, nazo zimechoka vilevile. Mimi hupendelea Ijumaa jioni, baada ya kuhakikisha jenereta ina dizeli na kumwomba mlinzi asiizime usiku. Mpaka kazi iishe, usiguse kitu kingine kwenye kasha hilo. Hata feni inayopiga kelele, iache.

Pawa saplai, feni na moduli

Pawa saplai mbovu iache mahali pake mpaka mpya iwe mkononi. Kwenye makasha mengi ya kimo cha U mbili (nafasi mbili za raki), feni zimo ndani ya pawa saplai, na tundu likibaki wazi hewa inapita njia ya mkato, diski zinapata joto. Kabla ya kuchomoa, angalia kwamba ile nyingine ina taa ya kijani na waya wake umekaa sawasawa. Mpya iwe ya modeli ileile na wati zilezile. Sukuma, funga, chomeka waya, na subiri kijani kabla hujaondoka. Waya mmoja uende kwenye UPS, mwingine kwenye chanzo tofauti, siyo vyote kwenye ekstenshen moja sakafuni. Ofisi moja ya katikati ya mji tulikuta soketi ya kasha inatumika asubuhi kwa mashine ya kupigia dekio. Niliongea na mama wa usafi mwenyewe.

"Shikamoo mama. Hizi waya mbili nimezifunga utepe mwekundu. Naomba zisichomolewe hata kidogo."

"Marahaba baba. Mimi hakuna aliyeniambia. Sasa nichomeke wapi?"

Tukamwekea soketi yake karibu na mlango, na tatizo likaisha siku hiyo.

Moduli ya SAS inahitaji uangalifu zaidi. Endesha `multipath -ll` na uhakikishe kila diski ina njia mbili, zote zikiwa hai. Kama kuna njia moja tu, zima seva kwa utaratibu kwanza. Piga picha ya kebo, ziwekee lebo pande zote mbili, na uzitoe kwa kuvuta kile kitasa cha plastiki, usivute waya. Moduli mpya iwe na toleo lilelile la programu ya ndani kama mwenzake. Yakitofautiana, kasha linaweza kutoa taarifa za ajabu kwa wiki nzima bila wewe kujua sababu.

Ikibidi kuzima vyote, seva inatangulia kuzimwa, kasha linafuata. Kuwasha ni kinyume: kasha kwanza, liache dakika kadhaa diski zote ziamke, ndipo seva. Seva ikiamka kabla ya diski itadhani zimepotea.

Vumbi na chumvi

Ofisi zilizo karibu na bahari, Kivukoni mpaka Masaki, nakuta miguu ya viunganishi imeanza ukijani. Hiyo ni chumvi ya hewani, inaingia madirisha yakifunguliwa kiyoyozi kikiharibika. Safisha kwa spiriti ya isopropili ya 99% na brashi laini, kasha likiwa limezimwa, na iache ikauke. Usipulize kwa mdomo, mate yana maji na chumvi pia. Ukitumia blowa, fanyia nje, na feni ishikilie kwa kidole isizunguke unapoipuliza. Hewa inayoingia mbele ya kasha iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Weka kipimajoto cha bei ndogo mbele ya raki, siyo ukutani chini ya kiyoyozi ambako kila mara kinasoma baridi.

Iliyotoka

Diski mbovu bado ina mafaili ya watu: wagonjwa, mishahara, mizigo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka mwenye ofisi azilinde taarifa hizo, na kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu diski nzima ni kuziachia. Kama bado inajibu, ifute yote. Kama haijibu, fungua kifuniko, toa sahani na uziharibu: za kioo zinavunjika, hivyo vaa miwani, na za alumini zikunje kwa koleo. Andika S/N yake, tarehe na aliyeshuhudia kwenye daftari la ofisi, mtie sahihi wote wawili.