Somo: Kuisoma theluji ya Kibo baada ya masika, kwa wapandaji wa Unguja na Pemba

Assalaam alaykum wanachama. Kila mwaka masika yakianza kukatika, watu wa visiwani huniuliza jambo moja: mwezi wa sita Kilimanjaro kuna theluji au hakuna? Ipo, na mara nyingi ni nyingi kuliko ya mwezi wa tisa. Lakini swali lenyewe halijakamilika. Theluji ya mlima wa volkano haiulizwi tarehe tu, inaulizwa na saa. Ile uliyoikanyaga saa tisa za usiku ikiwa ngumu na imara, saa tano za asubuhi inakumeza mguu, na jiwe lililokuwa limeshikwa na barafu linaachia. Sisi tumekulia kwenye bahari inayojaa na kupwa, na hakuna mvuvi wa Chwaka anayepanga safari kwa tarehe bila ya kuuliza maji yako wapi. Mlimani ni vivyo hivyo, ila kule kinachopanda na kushuka ni baridi.

Naandika kwa wale watakaopanda baina ya mwanzo wa mwezi wa sita na katikati ya mwezi wa saba. Nawapeleka watu juu kila msimu, na nataka Mzanzibari afike kileleni na arudi salama kwao.

Hatua ya 1: Ujue mlima unaoukanyaga

Kilimanjaro ni volkano tatu zilizoungana: Shira, Mawenzi na Kibo. Shira na Mawenzi zimekufa. Kibo imelala tu. Ndani yake kuna shimo la Reusch ambapo mpaka leo hutoka hewa ya moto yenye harufu ya kiberiti, na pahala hapo theluji haikai. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, kiko kwenye ukingo wa kusini wa kreta, yaani lile shimo kubwa la kinywa cha volkano.

Kwa nini hili ni muhimu kwa theluji? Kwa sababu chini yake hakuna udongo wala mwamba mmoja mzima. Kuna majivu, changarawe na vipande vya lava visivyoshikana. Mawe hayo ni meusi, na meusi hunywa joto la jua. Theluji huanza kuyeyuka pembeni mwa mawe na chini yake, kabla hujaona mabadiliko yoyote juu. Ukiona jiwe limezungukwa na duara tupu, usikanyage kando yake, maana theluji ya hapo imeshakuwa ganda tu.

Hatua ya 2: Chagua upande kwanza, kisha wiki

Upepo wa kusi huleta unyevu wa bahari upande wa kusini wa mlima, ndiyo maana Moshi na misitu ya juu yake ina mvua nyingi. Kaskazini, kwenye njia ya Rongai, ni pakavu zaidi. Kwa anayepanda mwanzoni mwa mwezi wa sita, masika yakiwa bado yanasuasua, mimi humshauri Rongai. Akingoja mwisho wa mwezi, Machame au Lemosho ni sawa.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii. Mwezi wa sita jua liko kaskazini mwa ikweta, na Kibo iko kama digrii 3 kusini mwake. Kwa hiyo miteremko inayotazama kaskazini hupata jua zaidi, na ya kusini hubaki na kivuli na theluji kwa muda mrefu. Mwezi wa kwanza ni kinyume. Picha uliyoiona mtandaoni ya mtu aliyepanda mwezi wa kwanza haikwambii lolote kuhusu njia yako. Omba picha za wiki ile ile, na muulize mpagazi aliyeshuka jana. Huyo habari zake hazina mpinzani.

Chukua siku saba au nane, si tano. Siku za ziada ni damu yako kujifunza kuishi na hewa yenye nusu tu ya oksijeni uliyoizoea Forodhani.

Hatua ya 3: Usome usiku kabla ya kuisoma theluji

Hili ndilo somo lenyewe, someni taratibu.

Theluji iliyoanguka siku hizo hizo ni laini na nyepesi. Jua likiipiga mchana inalowa, usiku inaganda, na mzunguko huo ukirudiwa siku kadhaa inageuka kuwa chembe za duara zilizoshikamana. Hiyo ndiyo theluji nzuri ya kutembelea, lakini kwa saa chache tu. Ili ishikamane inahitaji usiku ulio wazi. Mbingu zikiwa safi, joto lote la ardhi hupanda juu na kupotea, na theluji huganda. Kukiwa na wingu zito kama blanketi, haigandi vizuri hata kama wewe kwenye hema unatetemeka.

Basi ukiwa kwenye kambi ya mwisho kabla ya kilele, Barafu (mita 4,673) au Kibo Hut (mita 4,720), kabla ya kulala toka nje utazame nyota. Ukiamka saa tano za usiku rudia tena. Zikiwa zinaonekana mpaka karibu na upeo, shukuru. Halafu fanya majaribio mawili. Piga theluji kwa ncha ya fimbo: ikigonga na kurudi, imeganda. Kisha weka uzito wa mguu mmoja polepole. Ikikubeba sekunde mbili halafu ikavunjika na ukazama, hilo ni ganda juu ya theluji laini, na safari yako itachukua muda mrefu sana kuliko ilivyopangwa. Mwambie kiongozi wako mapema, msingoje kuchoka.

Mkifika kreta mtaona pia theluji iliyosimama mfano wa visu, safu kwa safu, mingine mirefu kufika magotini. Jua kali na hewa kavu ndizo zinazoichonga. Usikatize katikati yake, zunguka.

Hatua ya 4: Nguo

Darajani kwenye mitumba utapata koti zuri la baridi kwa bei nafuu ukiwa na subira ya kupekua. Pamba usiivae mwilini, kwa sababu ikilowa jasho haikauki. Tafuta fulana ya sufu au ya nailoni, juu yake koti la joto, juu kabisa koti lisilopitisha upepo. Glavu mbili, nyembamba ndani na nene nje. Geta za kufunika buti ni lazima mwezi wa sita, kwani theluji ikiingia ndani ya kiatu vidole vinaanza kufa ganzi kimya kimya.

Miwani ya jua yenye kinga ya kweli si pambo. Nguvu ya mionzi huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo usoni kutokea chini. Macho yaliyoungua hayaumi pale pale. Huanza baadaye, unahisi umetiwa mchanga, na machozi hayakatiki. Weusi wa ngozi hauyakingi macho.

Hatua ya 5: Usiku wa kilele

Kuondoka ni baina ya saa tano na saa sita za usiku. Lengo ni kuwa ukingoni kabla ya jua kutoka, yaani Stella Point (mita 5,756) kwa wanaotoka Barafu, au Gilman's Point (mita 5,685) kwa wanaotoka Kibo Hut. Hewa huwa chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri, na upepo unazidisha. Chupa ya maji iweke kichwa chini ndani ya soksi, maana barafu huanzia juu na utakuta mdomo wa chupa bado unafunguka. Simu iweke kifuani, si kwenye begi, baridi hunyonya betri.

Kipande ninachokihofia zaidi ni cha Gilman's kwenda Stella. Watu hufika Gilman's wakishangilia, wakidhani kazi imekwisha. Njia pale hupita upande wa ndani wa ukingo, kreta ikiwa mkono wako wa kulia, na baada ya masika theluji hukaa pale ikiwa imeganda vibaya kwa sababu asubuhi ni kivulini. Weka nyayo mahali alipoweka kiongozi wako. Vaa meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti kabla ya kuingia, si ukiwa katikati unayumba. Picha zisubiri.

Hatua ya 6: Kushuka

Jiwekee saa ya kugeuka na uitangaze kwa wenzako mkiwa bado kambini. Mimi sipendi kumwona mtu juu baada ya saa tatu za asubuhi. Baada ya hapo theluji inalegea, mawe yanaanza kuteremka, na mawingu ya mchana yanapanda kutoka msituni. Kichefuchefu na kichwa kuuma ni kawaida. Kuyumba si kawaida. Mtu asiyeweza kutembea mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole, au anayehema akiwa amekaa, anashushwa saa hiyo hiyo, hata kilele kikiwa kinaonekana.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Wete: Mjomba wangu anaishi jimbo la Washington, Marekani. Anasema mwezi wa sita wao wanapanda volkano na skii (mbao za kutelezea thelujini) mgongoni, kisha wanateleza mpaka chini. Kibo inawezekana?*

Mjomba anasema kweli. Rainier (mita 4,392), Adams (mita 3,743) na Hood ya jimbo jirani la Oregon (mita 3,429) zote ni volkano, na kule theluji ya majira ya baridi hurundikana mita kadhaa. Ikifika mwanzo wa kiangazi chao imeshageuka zile chembe nilizozieleza. Wanapanda usiku ikiwa ngumu, wanangoja juu mpaka jua lilegeze sentimita chache tu za juu, wanateleza, na wanakuwa chini kabla haijalowa ndani. Mteremko wa mashariki hulegea mwanzo, wa magharibi mwisho. Usiku usipoganda wenye akili hawapandi, kwa sababu theluji iliyoloa huporomoka yote kwa pamoja. Na kwenye ukingo wa kreta ya St. Helens, ile iliyolipuka tarehe 18 Mei 1980, wanakaa mbali na kingo za theluji zinazoning'inia hewani.

Kibo imewahi kutelezwa. Mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walitumia skii kule juu, na barafu moja ya ndani ya kreta ina jina la Furtwängler. Wakati ule barafu ilikuwa kubwa. Leo theluji ya msimu ni tabaka jembamba juu ya mawe makali. Mwambie mjomba aje na miguu.

*Bi mmoja wa Makunduchi: Kutia udhu kule juu kunakuwaje, na maji yanaganda?*

Dada yangu, kambi ya Barafu haina hata chanzo cha maji. Wapagazi huyabeba kutoka bonde la Karanga, na ni ya kunywa na kupikia. Tayamamu imewekwa kwa hali kama hizi, na Sahaba Amr bin al-Aas alitayamamu usiku wa baridi kali kwa kuhofia nafsi yake, na Mtume (S.A.W.) hakumlaumu. Vumbi safi liko kila upande. Kibla ni kaskazini, kama huku kwetu. Mambo ya kukusuru na kujumuisha muulize sheikh wako kabla ya safari, ili usiku ule usiwe na shaka.

*Mwanachama wa Chake Chake: Mdogo wangu ana seli mundu, lakini ana afya nzuri. Apande?*

Hapana, ndugu yangu, naomba asipande. Oksijeni ikipungua ndipo chembe nyekundu za damu zinapojikunja na kuziba mishipa. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye huku chini hajui kama anayo, anaweza kupata maumivu makali ya wengu juu milimani. Ni jambo la nadra, lakini visiwani kwetu urithi huu uko kwa wengi. Kila anayesoma hapa akapime damu kabla ya kulipa, kisha aongee na daktari.

*Mwalimu wa skuli, Mkoani: Wanafunzi wananiuliza kama ni kweli barafu inakwisha. Nawe unasema theluji ni nyingi.*

Mwalimu, hivyo ni vitu viwili. Theluji ya mwezi wa sita imeanguka masika haya na nyingi itaondoka. Barafu ni ile ya zamani, na ndiyo inayokwisha: baina ya 1912 na 2007 iliondoka kama asilimia 85. Hewa ya juu ni kavu, na theluji mpya ikipungua, barafu hubaki wazi na chafu, inanywa jua, na sehemu yake hugeuka mvuke bila ya kuwa maji kwanza. Mwaka 2022 UNESCO ilisema barafu za Kilimanjaro zitakuwa zimetoweka ifikapo 2050. Wanafunzi wako wakubwa wanaweza bado kuiona, na natamani waione.

*Mwanachama wa Mjini: Kuna kampuni inanipa njia ya Western Breach, wanasema ni fupi na ina mandhari.*

Mandhari ipo. Januari 2006 mawe yaliyoachiwa na barafu yaliwaua Wamarekani watatu pale. Ni ile ile habari ya barafu kushika mawe, ila pale uko chini yake kwa saa nyingi. Kwa safari ya kwanza, ikatae.

*Mwanachama wa Paje: Kilima kirefu Unguja ni Masingini, na hakifiki hata mita 150. Nifanye mazoezi wapi?*

Ngazi za majumba ya Michenzani, kupanda na kushuka, ukiwa na begi la kilo sita. Kushuka ndiko kunakouma magoti, usikuruke. Na wewe uko Paje, una bahati: tembea ufukweni mpaka Jambiani na kurudi, ila juu kabisa kwenye mchanga mkavu unaorudi nyuma kila ukikanyaga, si kwenye ule uliolowa. Vaa buti zile zile utakazopandia. Zikikutoa malengelenge, yatoke huku.