Kufunga taa za rivasi kwenye Land Rover 109 pikapu ya zamani

Wakuu, kama una Land Rover 109 Series IIA, zile zilizotengenezwa kuanzia 1961 mpaka 1971, nenda nyuma ya gari uangalie. Utaona taa nyekundu za usiku na breki, utaona indiketa, basi. Taa nyeupe hakuna. Ya kwetu Machame ilikuwa hivyohivyo, na kwa miaka mama alikuwa anasimama nyuma ya gari usiku na tochi ya simu ananiita "njoo, njoo, simama hapo!" huku mimi narudi kinyumenyume kati ya migomba na tenki la maji. Siku moja akateleza kwenye tope, mimi namtafuta kwenye kioo simwoni, nikakanyaga breki kwa hofu tu. Kesho yake nikaanza hii kazi. Taa ya rivasi watu wanadhani ni ya dereva aone, kumbe kubwa zaidi ni aliye nyuma ajue kwamba hili gari sasa linamjia yeye.

Kabla hujanunua hata waya fungua boneti uangalie terminali ipi ya betri imeenda kwenye bodi. Hizi gari nyingi za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani pozitivu ndo ethi, yaani pozitivu ndo imefungwa kwenye bodi, kinyume na gari zote tulizozizoea sasa, na zingine zilishageuzwa na mafundi huko njiani bila kuandikwa popote, kwa hiyo usiamini mwaka wala maneno ya aliyekuuzia, angalia kwa macho. Kwa globu ya kawaida haina shida, globu inawaka upande wowote. Ila taa za LED zinachagua, na mbaya zaidi zile ambazo negativu yake imeungana na bodi ya taa ukizifunga kwenye gari ya pozitivu ethi unapiga shoti palepale. Mimi nilichukua taa mbili za duara za globu ya wati 21, volti 12, na naona ndo zinaendana na sura ya hii gari.

Hesabu yake ni ndogo. Wati 21 mara mbili ni 42, gawa kwa 12 unapata ampea 3.5. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha kabisa na fyuzi ya ampea 10. Umeme chukua kwenye kisanduku cha fyuzi, pale A4 penye nyaya za kijani, maana hapo umeme unakuja swichi ya gari ikiwa imewashwa tu. Lakini usitegemee fyuzi ya pale, ya kiwandani ni ya ampea 35 na kabla haijakatika waya wako mwembamba utakuwa umeshaungua, we weka fyuzi yako mwenyewe kwenye waya karibu kabisa na unapochukulia. Halafu rangi: kwenye gari za Uingereza waya wa rivasi ni kijani wenye mstari wa kahawia. Ukiupata vizuri, usipoupata tumia kijani kitupu, ila usitumie kahawia mtupu wala mweusi, maana kahawia kwa hizi gari ni umeme unaotoka betri moja kwa moja na mweusi ni ethi, sasa fundi atakayekuja baada yako atadanganyika na anaweza kuunguza kitu. Na kabla hujagusa chochote toa kwanza terminali ya betri iliyoenda kwenye bodi, iwe pozitivu au negativu.

Sasa kwenye swichi ndo penye kazi yenyewe, hapa usiwe na haraka.

Unahitaji swichi inayobonyezwa na gia levo ikiingia rivasi. Watu wengi wanachukua swichi ya breki au ya mlango wa gari ndogo kwa sababu ipo kila duka la spea, wanafunga, wanashangaa taa zinawaka muda wote na zinazima wakiingiza rivasi. Sababu ni kwamba hizo zimetengenezwa ziwashe pale kijiti kinapoachiwa, na sisi tunataka iwashe pale kinapobonyezwa. Tafuta swichi ndogo yenye miguu mitatu na kimkono chenye gurudumu, imeandikwa COM (mguu wa pamoja), NO (unaungana ukibonyeza) na NC (unaungana usipobonyeza). Waya unaotoka kwenye fyuzi weka COM na unaoenda kwenye taa weka NO. Pima na multimita ile sehemu ya mlio: hujabonyeza iwe kimya, ukibonyeza ilie. Kama ni kinyume umeshika mguu wa NC. Angalia pia ampea zilizoandikwa ubavuni kwa umeme wa betri. Kama ni chache au hazisomeki weka releyi, yaani swichi inayowashwa na umeme, miguu yake imeandikwa namba: swichi iende 86, 85 iende ethi, 30 ipate umeme kutoka kwenye fyuzi yako, 87 iende kwenye taa, hivyo swichi inabeba umeme kidogo tu na inakaa miaka.

Kuifunga sasa. Mara ya kwanza niliishikiza swichi kwenye bati la sakafu pembeni ya gia levo, ilikuwa rahisi na ikafanya kazi vizuri nikiwa nimesimama. Nikapanda mlima na mzigo wa mbolea, taa za rivasi zikawa zinawakawaka njia nzima, gari za nyuma yangu zinapiga honi, dereva wa nyuma anadhani naserereka kumrudia. Kilichonitokea ni kwamba injini na giaboksi vimekaa kwenye mipira, ukikanyaga mafuta vinayumba, gia levo inayumba navyo lakini sakafu imetulia. Kwa hiyo kipande cha chuma cha kushikia swichi lazima kifungwe kwenye giaboksi yenyewe, tumia bolti mojawapo ya kava la juu, ili swichi na levo viyumbe pamoja. Nilikata chuma bapa cha unene wa milimita 3 nikakikunja kwa nyundo kwenye vaisi kikawa kama herufi L, na matundu ya swichi nikayarefusha kwa tupa yawe kama mfereji, maana tundu la duara halikupi nafasi ya kusogeza. Ingiza rivasi, sogeza swichi mpaka usikie ule mlio mdogo wa "tik", ongeza kama milimita mbili, kaza. Halafu pitia gia zote nne na kila gia utikise levo kwa nguvu kulia na kushoto, levo za hizi gari zimelegea kwa uzee, kama swichi inalia kwenye gia yoyote isiyo rivasi rudia upya.

Waya wa kwenda nyuma upitishe juu ya reli ya chesisi upande usio na ekzosi, ufunike kwa mpira wa bomba na ufunge kila baada ya shubiri mbili. Nyaya za kiwandani zinapita ndani ya chesisi, unaweza kuvuta wako humohumo kwa kutumia waya mgumu, ila mimi niliona kutu ya mle ndani nikaacha. Kila unapotoboa bati weka mpira kwenye tundu, aluminiamu ina makali kama wembe.

Taa zenyewe zifunge pembeni, chini ya zile nyekundu, usiziweke katikati kwa sababu mlango wa nyuma ukishushwa unaning'inia pale na utazifunika. Ethi usiiachie bodi. Bodi ni aluminiamu, chesisi ni chuma, vikikutana na maji ya mvua pale kwenye bolti vinalika na kutoa unga mweupe unaozuia umeme, ndo maana Land Rover nyingi taa za nyuma zinakuwa hafifu hata kama globu ni mpya. Toa waya wa ethi kutoka kila taa mpaka kwenye chesisi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza bolti na washa yenye meno, paka grisi juu.

Rudisha betri, washa swichi ya gari bila kuwasha injini, ingiza rivasi. Mama alisimama kwenye mlango wa jiko akasema "sasa nakuona", na mimi nilikuwa naliona tenki lote mpaka koki yake. Elekeza taa chini kidogo zisimulike macho ya watu, na baada ya wiki moja ya barabara ya vumbi rudi chini ya gari ukaze tena ile bolti ya kipande cha swichi, itakuwa imelegea.