Rozi ya zamani isiyo na jina: jinsi ninavyoitambua hapa Bukavu

Watu hunitumia picha ya ua moja kwenye WhatsApp na swali: "Papa, hii ni rozi gani?" Ua lenyewe jekundu, basi. Rozi nyekundu ni nyingi mno, na rangi ndiyo shahidi mwongo kuliko wote. Mimi huanzia chini.

Hatua ya 1: Piga magoti

Ondoa majani makavu utazame pale shina linapoingia ardhini. Ukikuta fundo nene kama goti, rozi hiyo ilibebeshwa: juu aina moja, chini nyingine. Sasa fuata kila tawi kwa kidole. Linatoka juu ya fundo, au chini yake?

Mama mmoja wa mtaa wa Nguba aliniita kwa sababu rozi yake nyekundu "imegeuka" nyeupe, na jirani alishaanza maneno ya uchawi. Hakuna kilichogeuka. Sehemu ya juu ilikauka kiangazi, shina la chini likachipua na kutoa vichala vya maua madogo meupe, kila ua petali tano. Nilishika jani. Kwenye kitako cha kikonyo kulikuwa na visikio viwili vyenye nyuzinyuzi, mfano wa kope. Hiyo ni alama ya Rosa multiflora, ambayo wakulima huipenda kwa kubebeshea. Aibu ni kwamba kwa simu nilikuwa nimeshamwambia ana rozi ya kale ya thamani. Nilimwomba radhi, akanipa chai.

Hatua ya 2: Waulize wazee, uandike miaka

Nani alijenga nyumba? Kichaka kilikuwepo tangu lini? Rozi haiwezi kupandwa kabla haijazaliwa. 'Queen Elizabeth', ile ndefu ya rangi ya waridi, ilitoka Marekani mwaka 1954. 'Peace', ya njano yenye ukingo wa rangi ya waridi, kazi ya Mfaransa Francis Meilland, ilitoka kwa jina hilo mwaka 1945. Koko, yaani babu au bibi, akikumbuka kichaka tangu Bukavu ikiitwa Costermansville, kabla ya vita ya pili ya dunia, futa majina hayo mawili, hata picha ifanane vipi.

Hatua ya 3: Tazama inavyochanua

Rozi nyingi za kale za Ulaya, kama gallica na alba, huchanua mara moja kwa mwaka, na huhitaji baridi kali kwanza. Sisi baridi hiyo hatuna. Mara nyingi huku huota majani tu. Kwa hiyo kichaka kizee kinachotoa maua mvua na kiangazi kwa kawaida kina damu ya China ndani yake: ama ni rozi ya China yenyewe, ama rozi-chai, ama wajukuu wao.

Funga uzi kwenye ua moja likiwa linafunguka, ulitazame siku tatu au nne. Rozi nyingi hupauka kwa jua. Za China hukolea. Ukiwa na ua la rangi ya waridi linalozidi kuiva, kichaka chenye miiba michache na maua yasiyokoma, anza kufikiria 'Old Blush', rozi ya kale ya China.

Hatua ya 4: Hesabu

Chuma ua lililofunguka kabisa, ng'oa petali uzipange kumi kumi kwenye sahani. Hesabu vijani kwenye jani moja: vitano au saba? Miiba imenyooka au imepinda? Nusa asubuhi, kabla jua halijapanda. Saa nane mchana utasema haina harufu. Kisha piga picha ya tumba, ua kwa mbele na kwa ubavu, jani, mwiba, tunda na kichaka kizima.

Hatua ya 5: Ipe jina la muda

Linganisha na mmea hai unaojulikana, si picha peke yake. Zisipolingana pande zote, iite kwa mahali ilipokutwa: "Waridi la Ukutani, Muhumba". Wataalamu nao hufanya hivyo.

Hatua ya 6: Kata vipandikizi kabla ya kuendelea na utafiti

Mafundi huvunja kuta na vichaka vilivyo kando yake bila kuuliza. Mvua za Septemba zikianza, chukua vijiti vitano vya unene wa penseli, sentimita 20, kutoka matawi yaliyomaliza kuchanua. Ondoa majani ya chini, zika nusu kivulini. Kibao kiandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu hufutwa na mvua yetu mapema.