Kifungua kinywa cha Kiingereza: namna ya kukifikisha mezani chote kikiwa moto

Kila nikirudi likizo Dar naulizwa swali lile lile: hivi hicho kifungua kinywa cha Kiingereza kina nini hasa? Hoteli nyingi zimekiandika kwenye menyu, lakini sahani ikija unakuta yai, soseji mbili nyembamba za moshi, nyanya mbichi na mkate mtamu. Unashiba, sawa, ila sicho chenyewe. Mimi ni mpishi wa zamu ya asubuhi katika mgahawa mdogo Manchester, huu mwaka wa saba, na sahani hii ndiyo kazi yangu kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tano.

Ikiwa kamili ina bekoni, soseji, yai la kukaanga, maharage meupe ya kopo kwenye mchuzi wa nyanya, nyanya, uyoga, mkate wa kukaanga au tosti, na huku kaskazini soseji ya damu. Pembeni chai. Ukipunguza kimoja hakuna atakayelalamika. Kinachoharibu kazi ni ubaridi, maana kila kitu kina muda wake wa kuiva na vyote vinatakiwa kutua mezani kwa pamoja. Siku yangu ya kwanza nilianza na mayai kwa sababu yanaiva upesi. Soseji zilipokuwa tayari, mayai yalishakakamaa, na sahani nne zikarudishwa jikoni. Kwa hiyo shika mpangilio huu. Vipimo ni vya watu wawili.

Hatua ya 1: Pasha sahani

Washa oveni nyuzi 100, weka sahani mbili ndani pamoja na trei tupu. Huna oveni? Weka sahani juu ya sufuria ya maji yanayochemka na uzifunike kwa mfuniko. Yai likiwekwa kwenye sahani baridi hupoa kabla mtu hajashika uma.

Hatua ya 2: Soseji (dakika 20 hadi 25)

Hapa ndipo sahani nyingi za ugenini zinapokosea. Soseji ya Kiingereza huuzwa mbichi, haijapita kwenye moshi, na ndani imechanganywa na chenga za mkate mkavu. Sheria ya Uingereza inataka soseji inayoitwa ya nguruwe iwe na nguruwe isiyopungua asilimia 42. Chenga si udanganyifu: ndizo zinazofyonza mafuta na maji ya nyama, na ndiyo sababu ukiikata inakuwa laini na yenye majimaji. Ya Cumberland huwa na pilipili manga nyingi na huuzwa ikiwa imeviringishwa kama kamba. Ya Lincolnshire hunukia majani ya sage.

Kama unakoishi hazipatikani, au nguruwe huli, tengeneza mwenyewe. Chukua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe ya kusaga, na umwambie muuza nyama asiondoe mafuta yote. Weka gramu 75 za chenga za mkate mkavu, maji ya baridi sana mililita 75, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, pilipili manga, kungumanga ya kukuna na basibasi kidogo. Kungumanga na basibasi ndivyo viungo vya siku nyingi vya soseji za Uingereza, nawe ukiwa Zanzibar unavipata vibichi kutoka shambani. Kanda mpaka nyama inate mkononi, viringisha kwa viganja vilivyolowa, kisha acha zipumzike kwenye friji saa moja. Utumbo wa kufungia si lazima.

Kaanga kwa moto mdogo na mafuta kijiko kimoja, ukizigeuza mara kwa mara. Usizitoboe. Sikiliza kikaango: kinatakiwa kinong'one. Kikianza kurusha mafuta, punguza moto, la sivyo ngozi itaungua na katikati pabaki pabichi.

Hatua ya 3: Maharage (anza dakika ya 10 tangu soseji ziingie kikaangoni)

Mimina kopo moja kwenye sufuria ndogo, moto mdogo, mpaka mchuzi uwe mzito. Malizia na kipande cha siagi. Ukikoroga sana yatapondeka.

Wapo wateja wanaokasirika wakiona viazi vya kukwaruza vilivyokaangwa kwenye sahani hii, wakisema ni vya Wamarekani. Ni kweli, lakini hata maharage haya yalitoka Marekani; duka la Fortnum & Mason la London lilianza kuyauza mwaka 1886. Mimi viazi naviweka kwa anayevitaka, na sioni kosa.

Hatua ya 4: Nyanya na uyoga (dakika ya 10, kikaango cha pili)

Kata nyanya katikati, tia chumvi, laza upande uliokatwa chini, kisha usiziguse dakika tano. Uyoga ukaange karibu nazo, na chumvi yake uitie mwishoni. Ukiitia mapema utatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika.

Hatua ya 5: Bekoni na soseji ya damu (dakika ya 14)

Bekoni ya Uingereza hukatwa mgongoni: mnofu mpana wenye ukingo wa mafuta, tofauti na ile ya Marekani inayotoka tumboni. Kata ukingo huo kwa mkasi mahali pawili patatu ili isijikunje, kisha iweke kwenye kikaango cha soseji. Ikitoa majimaji meupe, yafute kwa karatasi ya jikoni. Wazee wanaokuja kwetu hawaachi hata kipande cha mafuta yake. Mmoja alinieleza kwamba bekoni iligawiwa kwa kipimo kuanzia Januari 1940, na kipimo hicho kikaondolewa Julai 1954. Utoto wake wote aliila kwa kuhesabiwa.

Soseji ya damu ni damu ya nguruwe, mafuta na nafaka. Yetu inatoka Bury, mji ulio mwisho wa reli ya tramu kutoka Manchester. Imeshaiva tayari, hivyo vipande vya unene wa sentimita moja vinahitaji dakika tatu kila upande.

Migahawa ya halali huku hutumia soseji za ng'ombe na bekoni ya bata mzinga, na damu haiwekwi kabisa. Ukifuata njia hiyo ongeza siagi kwenye kikaango, kwa kuwa bata mzinga hatoi mafuta ya kutosha kwa hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Mkate

Hamishia nyama kwenye trei ya oveni. Kikaango usikioshe. Laza slesi za mkate wa jana kwenye mafuta yale yale, geuza zikipata rangi ya kahawia. Mkate wa leo hunywa mafuta mengi mno.

Hatua ya 7: Mayai, mwisho kabisa

Ongeza mafuta kidogo, vunja mayai, moto wa wastani. Inamisha kikaango, chota mafuta ya moto kwa kijiko na umwagie juu ya kiini. Utaona ute ulio juu yake ukigeuka utando mweupe mwembamba kama ukungu. Hapo hapo epua. Kiini kinatakiwa kimwagike ukikichoma na ncha ya mkate.

Hatua ya 8: Chai na kupakua

Maji yanayochemka, kifuko cha majani, dakika nne, ndipo maziwa. Usipike maziwa pamoja na majani, na tangawizi na iliki ziache kwa chai ya jioni. Majani mengi ya chai ya huku hutoka Kenya, kwa hiyo ladha yake unaijua.

Pakua soseji katikati ziwe ukuta kati ya maharage na yai, maana wapo wasiotaka mchuzi uguse kiini chao. Weka chupa ya sosi ya kahawia mezani, kila mtu ajimiminie, na uite watu kabla hujaweka yai la kwanza kwenye sahani.